Asili ya Optimus Prime
Ndugu yangu, umeuliza iwapo Optimus Prime, yule roboti wa Transformers anayegeuka kuwa lori, ana asili ya Marekani au ya Japani. Kichezeo chenyewe ni cha Kijapani: kampuni ya Takara ilikiuza kwa jina la Battle Convoy katika mfululizo wa vichezeo wa Diaclone, ambamo roboti haikuwa kiumbe hai bali chombo kilichoendeshwa na rubani mdogo mwenye sumaku miguuni, na ndiyo maana magari mengi ya matoleo ya kwanza yana viti vidogo ambavyo havikaliwi na mtu. Hasbro ya Marekani ilipata haki ya kuviuza vichezeo hivyo, ikaviunganisha na vile vya Micro Change, mfululizo mwingine wa Takara, alikotoka Megatron, adui wa Optimus Prime, na mwaka 1984 ikavitoa vikiwa na majina, tabia na uhasama wao. Hata hivyo, ustadi wa kulikunjua lori hadi likasimama kama roboti, ambao mimi nauthamini kuliko hadithi yenyewe, ulitoka Japani.