Lebo ya simlinki si lebo ya faili

Swali: Kwenye seva yangu ya AlmaLinux nimehamishia kurasa zote kwenye folda mpya, /tovuti, na ndani ya /var/www/html nimeacha simlinki, yaani kiungo kinachoelekeza kwenye folda hiyo. Apache, programu inayohudumia tovuti, inatoa 403 (umekatazwa). Lebo ya simlinki kwenye SELinux, ulinzi wa Linux unaoamua kwa lebo nani aguse nini, ni httpd_sys_content_t (ya kurasa za tovuti) kama inavyotakiwa, na chmod 777 (ruhusa zote kwa kila mtu) nimeshapiga. Mwenzangu anasema nizime SELinux.

Jibu: Kwanza rudisha ruhusa zilivyokuwa. chmod hufuata kiungo, kwa hiyo 777 yako imetua kwenye folda yenyewe.

Kinachonichosha ni imani kwamba simlinki na inachoelekeza ni kitu kimoja. Kwa kerneli, kiini cha mfumo, hizo ni inodi mbili (rekodi mbili tofauti kwenye diski), kila moja na lebo yake. Kiungo chako kimerithi lebo ya /var/www/html, na ls -Z imekuonyesha hiyo tu. Piga ls -ZdL, inayofuata kiungo hadi mwisho, na karibu hakika utakuta default_t, lebo ya kitu kisichopangiwa lebo yake. SELinux hukagua yote mawili: je, httpd_t, yaani lebo ya Apache yenyewe, inaruhusiwa kusoma kiungo, yaani lnk_file? Halafu, je, inaruhusiwa kugusa kilichoko upande wa pili? Wewe umekwama hapo pa pili. Tazama tclass (aina ya kitu kilichozuiwa) kwenye ausearch -m avc, inayoonyesha makatazo ya SELinux. Ikisema dir au file, achana na kiungo.

Dawa (amri ya kwanza inasajili lebo, ya pili inaibandika):

semanage fcontext -a -t httpd_sys_content_t '/tovuti(/.*)?'
restorecon -Rv /tovuti

Usitumie chcon peke yake: hubadili lebo bila kuisajili, na restorecon ya kwanza itakayopita itaifuta.

Wapo wanaouliza kiungo kina haja gani ya lebo. Mtu akipachika ndani ya /tmp kiungo kinachoelekea /etc/shadow (faili la siri za nywila), programu yenye mamlaka ikakifuata kwa upofu, umekwisha. Lebo humpa kerneli sababu ya kukataa kabla ya kufika huko. Tatizo hili ni sugu kiasi kwamba Linux 3.6, mwaka 2012, iliongezewa kinga yake nyingine, protected_symlinks.

Sasa huyo mwenzako. Wanaoagiza setenforce 0, inayoifanya SELinux isizuie chochote, kwa kila 403 hawajatibu kitu. Wameng'oa kengele kwa sababu inapiga kelele. Wajanja zaidi hukuletea audit2allow, zana inayogeuza makatazo kuwa sheria za kuruhusu, na kubandika chochote inachotema. Kwa kesi yako itatema sheria ya kuruhusu httpd_t kusoma default_t. Sheria hiyo haiijui /tovuti. Kama una folda ya chelezo uliyoiunda kwenye mzizi, yenye nakala ya hifadhidata nzima, nayo ni default_t, na Apache itaruhusiwa kuisoma pia.