Kwani ulizaliwa kwenye banda la ng'ombe?

Kamwene wadogo zangu. Juzi kwenye simu mliniuliza: "Kaka, huko shambani Iowa, Marekani, mnaelewanaje na hao wazee wa Kizungu? Si Kiingereza unakijua?" Nakijua, kile cha shule. Miezi ya kwanza kilinisaidia kusoma mifuko ya mbegu, basi.

Wiki ile ya kwanza naingia ndani, mzee mwenye shamba ananiuliza: "Kwani ulizaliwa kwenye banda la ng'ombe?" Damu ikanichemka. Nikajua tayari, Mwafrika mimi nimeshafananishwa na mnyama. Nikanuna siku mbili. Siku ya tatu akamwambia mwanawe wa kumzaa maneno yale yale, kijana akarudi kufunga mlango. Kumbe ndiyo maana yake: umeacha mlango wazi. Sisemi kwamba sijawahi kutukanwa huku, nimetukanwa. Ila siku ile nilinuna bure.

Jumapili moja wakanialika dina. Shuleni si tuliambiwa dina ni chakula cha usiku? Nikatokea saa moja jioni, nimechomekea shati. Vyombo vilishaoshwa zamani. Kwa wazee wa mashambani dina ni ya mchana, ya jioni wanaiita sapa. Mama akanipashia kiporo, hakucheka. Mzee ndiye aliyecheka.

Nilichochelewa zaidi kukielewa ni namna wanavyosifia na kulalamika. Muulize mavuno, atakujibu "si mabaya sana", nawe ukichungulia ghalani pamejaa hadi juu. Nyuzi 25 chini ya sifuri wanasema "ingeweza kuwa mbaya zaidi", na mimi wa Njombe niliyejiona nimezoea baridi natetemeka! Basi nikawapikia ugali na dagaa niliowanunua kwa Wakongo kule mjini Des Moines. Mama akaonja, akasema: "Hii ni tofauti." Nikafurahi, nikamwongezea. Maskini, akamaliza sahani. Mwaka ulipita ndipo mwanawe akaninong'oneza kwamba mama akisema "tofauti" anamaanisha usimletee tena.

Mahindi nayo yana msemo wake: yafike magotini ifikapo tarehe 4 Julai, sikukuu yao ya uhuru. Ni wa zamani huo. Kwa mbegu za sasa, siku hiyo mara nyingi yameshafika mabegani au kumpita mtu kichwa. Mzee anausema vilevile, yumo ndani ya mahindi, unaona kofia tu.

Kuaga ndiko nilikokuelewa upesi, maana ni kama kwetu. Anajipiga mapaja kwa viganja, anasema: "Haya, nadhani..." Usidhani umeruhusiwa kuondoka. Mtaongea mlangoni, mtaongea uani, ukishaingia garini atainamia dirishani akumbuke habari ya trekta. Kwa hiyo mkinipigia Jumapili saa nne usiku wa huko nisipopokea, msiwe na wasiwasi. Huku ni mchana, dina imekwisha, na mzee bado ameshikilia mlango wa gari.