Mteja ni kiziwi, kaka yake ndiye anayejibu
Wakili mwenzangu, umeuliza kama unaweza kupokea maelekezo ya mteja wako kiziwi kupitia kaka yake, kwa kuwa ndiye anayelipa ada. Hapana. Anayelipa hanunui haki ya kuamua, wala siri za kesi si zake.

Tafuta mkalimani wa lugha ya alama asiye ndugu, na asaini hati ya kutunza siri kabla ya kikao. Ndugu huruka maneno, hulainisha habari mbaya, na kwenye kesi ya mirathi huenda naye ana maslahi. Mtazame mteja, si mkalimani. Sema "wewe", si "mwambie". Tenga muda mrefu kuliko kawaida. Usitegemee kuandikiana tu: kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni ya alama, na maandishi ya kisheria huwapita. Kuitikia kwa kichwa si kukubali, kwa hiyo mwombe akueleze alichoelewa ndipo asaini.

Usikimbilie kuomba mahakama imteulie mteja msimamizi wa kumwamulia mambo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 12, unamtambua mteja wako kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine. Kaka anaweza kuhudhuria, lakini muulize mteja kwanza, faragha.