Jibu: Kutenganisha ishara za watumiaji wawili kwenye masafa yaleyale

Ndugu, umeuliza mnara unatenganishaje ishara za simu mbili zinazorusha kwa wakati mmoja kwenye masafa yaleyale. Kila antena ya mnara hupokea mchanganyiko wa ishara hizo kwa uwiano wake, na mnara huujua uwiano huo kwa sababu kila simu hutanguliza alama za majaribio zinazofahamika. Tuseme ishara za simu hizo ni a na b, na antena ya kwanza imepokea a + b na ya pili a − b: ukijumlisha unapata 2a, ukitoa unapata 2b.

Ugumu wenyewe huanza njia za mawimbi zinapofanana kiasi kwamba antena ya pili inapokea a + 0.9b, kwani ukitoa hubaki 0.1b tu, na ukiizidisha mara 10 ili kuipata b, kelele za antena zote mbili nazo hukuzwa mara 10. Kwa hiyo sikushauri kugeuza matriksi (jedwali la uwiano huo wa antena zote) moja kwa moja. Tumia kichujio kinachopunguza wastani wa mraba wa kosa, ambacho huacha mwingiliano kidogo ili kelele zisifurike. Antena nyingi husaidia zaidi, kama mtafiti Thomas Marzetta alivyoonyesha mwaka 2010, ingawa simu za seli jirani (maeneo yanayohudumiwa na minara mingine) zenye alama zilezile za majaribio bado huharibu makadirio ya uwiano huo.