Mwanafunzi wa famasia na dozi ya mtoto: anzia kwenye mizani

Mwanafunzi akikwambia nimonia ya mtoto inatibiwa kwa antibayotiki ya amoksilini, usimpe maksi bado. Mwekee mezani chupa ya unga wa dawa hiyo, ya mililita 100, yenye 125 mg katika kila mililita 5. Mwambie mtoto ana kilo 12 na mama yake anawahi gari ya Micheweni, Pemba. Aondoke na nini?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni 40 mg kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, siku tano. Inakuja 480, chukua 500. Hizo ni mililita 20 asubuhi na 20 jioni, kwa hiyo chupa inakwisha asubuhi ya siku ya tatu. Zinatakiwa mbili. Lakini mazoea ya dirisha la dawa ni chupa moja, "kijiko kimoja kutwa mara tatu": mtoto anapata 375 mg kwa siku badala ya 1,000, kisha tunalaumu usugu wa vimelea. Vidonge vya kuyeyusha vya 250 mg ni bora: viwili asubuhi, viwili jioni, jumla 20, wala havihitaji friji.

Ikibidi chupa, mwanafunzi aichanganye mwenyewe. Agonge unga uachane, atie nusu ya maji yaliyochemshwa yakapoa, atikise, kisha asubiri povu litulie ndipo ajaze hadi mstarini. Akilihesabu povu kuwa ni maji, dawa inakuwa kali kuliko ilivyoandikwa. Bonge likibaki chini, dozi za mwanzo zinakuwa nyepesi na za mwisho nzito. Mama apewe bomba lenye mistari, bila sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani. Na mwanafunzi asimuulize "umefahamu?", maana atajibiwa ndiyo kwa heshima tu. Aseme: "Mama, nionyeshe utakavyompa jioni."

Kabla ya yote hayo, mtoto anahitaji antibayotiki kweli? Wafundishe kuhesabu pumzi dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kuanzia 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi za haraka. Kikohozi cha mafua bila pumzi za haraka wala kifua kubonyea hakihitaji amoksilini. Asiyeweza kunyonya au kunywa, au aliyepata degedege, apelekwe hospitali mara moja.

Kwenye malaria, tatizo letu Zanzibar ni vitabu vya Bara. Huko wanaanza na dawa mseto ya ALu (artemetha na lumefantrini), dozi sita kwa siku tatu. Zanzibar ilichagua atesuneti na amodiakwini, mara moja kwa siku, siku tatu. Mwanafunzi anayechanganya ratiba hizo anazidisha amodiakwini maradufu. Kipimo kikionyesha malaria, aulize pia mgonjwa kama ametoka Tanga au Dar es Salaam karibuni, kwani wagonjwa wengi wa visiwani wanaambukizwa safarini. Mgonjwa akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, dozi irudiwe yote.