Anti, leseni ya baa naanzia wapi?

SWALI: Shikamoo anti. Nimepanga fremu mbili huku Kihonda, Morogoro, nataka nifungue baa, kuwe na chipsi na nyama choma, Ijumaa naleta bendi. Kaunta imeshakaa, spika nimelipia nusu. Sasa kuna jamaa kaniambia nimpe laki tatu atanimalizia leseni ndani ya wiki. Nimpe? – Mama wa Kihonda

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe hata mia. Maombi ya leseni siku hizi yanaingia kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, na hela unalipa kwa kontroo namba, haipiti mkononi mwa mtu, kwa hiyo nenda mwenyewe ofisi ya biashara pale manispaa wakuelekeze.

Ila kabla ya hapo angalia kalenda maana hapa ndo wengi wanaumia. Leseni ya vileo haiendi mwaka mzima, ni miezi 6 miezi 6, kuanzia 1 Aprili mpaka 30 Septemba halafu 1 Oktoba mpaka 31 Machi. Ukilipia Agosti kwa mfano, utaitumia mwezi na kitu tu halafu ulipe tena, bora utumie muda huu kuandaa makaratasi vizuri uombe ya Oktoba. Na majina yafanane jamani, kitambulisho cha NIDA, TIN, mkataba wa pango, vyote viwe na jina lako, sio fremu imeandikwa jina la shemeji halafu TIN yako.

Halafu majirani. Hili nakuomba ulishike kuliko yote, kwa sababu maoni ya mtaa na kata yanaangaliwa, na wewe unataka bendi. Niliwahi kuona baa nzuri kabisa, viti vipya, friji zimejaa, imekaa miezi mlango umefungwa kisa mzee wa nyumba ya nyuma ambaye hakuna aliyeenda kumsalimia wakati wanajenga. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, pita nyumba kwa nyumba, waambie muziki utazimwa saa ngapi na uzime kweli. Kuna kanuni za kelele za mwaka 2015 na NEMC, wale wa baraza la mazingira, wanafungia watu, sasa hizo spika usimalizie deni kwanza mpaka ujue ukuta wako unazuia sauti kiasi gani.

Bendi nayo ina mambo yake, leseni ya vileo haikupi ruhusa ya burudani, ulizia kibali cha BASATA, baraza la sanaa, kupitia afisa utamaduni wa manispaa, na miziki ya watu utakayopiga siku zingine ina mambo ya hakimiliki, hiyo ni jasho la wasanii wetu tuwalipe.

Na ile laki tatu ipeleke kwenye vyoo, cha wanaume na cha wanawake, maji yatoke, taa iwake, maana bwana afya akija kukagua hutakwepa kumpeleka huko.