Humbaka kali kwa gitaa la rumba

Mdogo wangu, nimekuelewa: gitaa lako lenye pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) za koili moja linavuma kila taa za tyubu zikiwashwa, na unataka humbaka (pikapu ya koili mbili) kali ya roki bila kuharibu solo za rumba kwenye bendi yenu ya Ujiji.

Mvumo utapungua sana, maana koili mbili zimepangwa zifutiane kelele. Cha kupima ni ukali. Humbaka ya kawaida husoma ukinzani wa kama kiloomu 8 kwenye mita ya umeme. Kali kama DiMarzio Super Distortion hukaribia 14, na sumaku yake ni ya seramiki. Mimi ningeweka kali moja tu, kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa. Ya shingoni iache kabisa! Ule mlio safi wa rumba, kila noti ikisikika peke yake, hufifia pikapu ikizidi nguvu.

Pima tundu la pikapu kabla hujanunua. Humbaka kamili haiingii palipokuwa na koili moja bila kuchonga mbao. Zipo nyembamba zenye umbo hilohilo. Poti (vidhibiti vya sauti na toni) weka za kiloomu 500, la sivyo sauti itafubaa.

Nyaya zipige picha kwanza, kisha fuata mchoro wa kiwanda, kwani rangi hutofautiana. Mimi nilibahatisha, koili zikapingana, besi yote ikapotea. Ukibonyeza uzi freti ya mwisho, acha milimita 3 hivi juu ya pikapu.

Ukigusa nyuzi ukapigwa shoti, acha kupiga, zima umeme ukutani. Mwite fundi umeme akague ethi (waya wa ardhini) ya ukumbi na amplifaya.